Sweta hili ni sufu au akriliki? Kuvaa bila vitu vya wanyama

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, niko Njombe. Nimeamua kutovaa tena kitu chochote kinachotokana na mnyama: ngozi, sufu, hariri, manyoya. Tabu ni kwamba nguo zangu nyingi ni za mitumba, na lebo mara nyingi imeshakatwa. Nitajuaje nguo imetengenezwa na nini? Baridi ya huku mwezi wa Juni na Julai nitaikabilije bila sufu? Nataka pia kushonesha suti na kununua viatu vya kazini, na mdogo wangu ameahidi kuniletea kiondo kutoka Nairobi.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Uamuzi wako unatekelezeka kabisa, hata kwa mshahara wa kawaida, ila utakudai uzoee kukagua nguo kwa macho, pua na vidole kabla hujatoa pesa.

Lebo ikiwepo, anza nayo. Mitumba mingi inatoka Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa hiyo utakutana na lugha kadhaa. Sufu itaandikwa wool, laine, Wolle au lana. Hariri ni silk, soie, Seide au seta. Merino, lambswool, cashmere, mohair, angora na alpaca zote ni nywele za wanyama, hata kama neno wool halipo. Kwenye majaketi yaliyojazwa, down au Daunen ni manyoya ya bata. Nguo zilizouzwa Ulaya zina msaada mmoja wa ziada: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inataka lebo itaje ikiwa nguo ina sehemu za mnyama zisizo za nyuzi. Kwa Kiingereza utaona maneno non-textile parts of animal origin. Ukiyaona kwenye koti la pamba tupu, tafuta kipande cha ngozi kiunoni, vifungo vya pembe, au ukingo wa manyoya kwenye kofia yake.

Lebo isipokuwepo, moto ndio mwalimu wa kwanza. Chomoa nyuzi chache kwenye upindo wa ndani, zile za mtande (zinazokwenda urefu wa kitambaa) na zile za mshindio (zinazokatisha upana), uzipime mbalimbali, maana vitambaa vingi huchanganya. Zishike kwa koleo juu ya sinia la chuma, maji yawe karibu. Pamba, kitani na viskosi (uzi wa kiwandani unaotokana na miti) huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi la kijivu. Sufu na hariri huwaka kwa kusitasita, mara nyingi hujizima ukizitoa motoni, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Kinachobaki ni kitone cheusi kinachovunjika vidoleni kikawa unga. Polista na nailoni huyeyuka na kuacha kitone kigumu kisichovunjika. Akriliki, ambayo ndiyo huigizwa kuwa sufu kwenye masweta, huwaka haraka kwa moshi mweusi na kuacha donge gumu lisilo na umbo.

Pua ikikuacha na shaka, tumia jiki. Weka uzi kwenye kikombe cha glasi, mimina jiki isiyochanganywa na maji, uache kwa saa moja au zaidi. Sufu na hariri ni protini, na klorini huyeyusha protini: uzi utatoa mapovu, utalegea, mwisho utapotea. Pamba, polista na akriliki zinaweza kupauka rangi lakini uzi utabaki. Ukiona nusu imebaki na nusu imepotea, huo ni mchanganyiko. Fanya hivyo penye hewa, na usiongeze siki wala dawa nyingine ya usafi kwenye kikombe hicho, kwa sababu gesi itakayotoka ina sumu. Kipimo hiki kina mpaka wake: kitambaa chenye sufu kidogo sana, tuseme chini ya sehemu moja ya kumi, huwezi kukibaini nyumbani kwa uhakika.

Satini nayo inawachanganya wengi. Satini ni namna ya kufuma tu. Ile inayong'aa kwenye magauni ya harusi kwa bei ya chini karibu yote ni polista, hata muuzaji akiiita hariri. Kitenge na kanga za pamba hazina tatizo. Batiki ya mkono muulize fundi wako, kwa maana wengi huchanganya nta ya nyuki na nta ya mishumaa, yaani parafini, na kwa anayekwepa vitu vya wanyama hilo lina uzito.

Sasa baridi. Nisikudanganye: sufu ina sifa ambayo nyuzi za kiwandani hazijaifikia. Hunyonya mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi umajimaji, wakati polista hainyonyi hata asilimia 1. Lakini joto lenyewe linatokana na hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa, na hewa haichagui uzi. Sweta la flisi ya polista (kitambaa laini chenye vinyweleo), la unene wa kati, juu ya fulana, na juu yake jaketi jepesi lisilopitisha upepo, vitakutosha kwa asubuhi za Njombe. Kama unapanda kilima kwenda shuleni na kutoka jasho, fulana ya ndani iwe ya polista; pamba ikilowa hukaa na maji na kukupoza darasani. Kama hutembei sana, pamba ni nzuri zaidi kwa ngozi yako. Jaketi lililojazwa, chagua lililoandikwa polyester kwenye ujazo, si kwenye bitana peke yake. Likifinywa na kutoa vijiti vidogo vinavyochoma, hayo ni manyoya.

Na tafadhali, usikae na flisi wala akriliki karibu na jiko la mkaa. Sufu hushika moto kwa shida, lakini hizi huyeyuka na kugandia mwilini, na jeraha lake ni baya. Hili nalisisitiza kwa kila mtu anayeacha sufu nyanda za juu. Flisi pia humwaga vijinyuzi vya plastiki inapofuliwa. Ifue mara chache, kwa maji ya baridi.

Suti ni rahisi. Omba kitambaa cha polista na viskosi, kile ambacho wauzaji wengi hukiita TR. Usitishwe na chapa ya Super 120's pembeni mwa kitambaa: kwa kanuni ni alama ya sufu, lakini huchapwa hata kwenye polista tupu, kwa hiyo choma uzi. Kisha mwambie fundi atumie gamu ya kubandika kwa pasi kifuani. Suti za gharama huwekwa turubai la ndani lenye nywele za farasi, na hilo lebo ya nje hailiongelei.

Viatu vilivyouzwa Ulaya hubeba alama ndogo. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi; umbo hilo likiwa na msambamba (umbo kama la almasi) ndani, ni ngozi iliyopakwa plastiki; wavu ni kitambaa; msambamba peke yake ni vifaa vingine. Angalia sehemu zote tatu: juu, ndani na soli. Bila alama, kagua ukingo uliokatwa. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, ya bandia huonyesha kitambaa chini ya tabaka laini. Viatu vya bandia vya mtumba vilivyokaa ghalani muda mrefu uviogope: poliyurethani huvunjwa na unyevu, na soli inaweza kumeguka wiki ya kwanza. Ikunje kwa nguvu kabla ya kulipa. Kwa kazini ningekuchagulia raba nyeusi za turubai zenye soli ya mpira.

Kiondo chenyewe kwa kawaida ni cha katani, lakini mikanda yake mingi ni ya ngozi, na wakati mwingine kifungo ni cha pembe. Mwambie mdogo wako atafute chenye mkanda uliosukwa kwa katani ileile. Vipo, na havina bei tofauti ya kutisha. Akikuta chenye ngozi tu, anunue kisicho na mkanda, fundi wa Njombe akushonee wa turubai.