Re: Grupu la tamthilia za Kikorea limejaa, nimefungua Telegram watu hawaji

Habari dada. Kwahiyo WhatsApp mmefika 1,024 haliongezeki tena, Telegram umefungua wamekuja 60 tu na walokuja wako kimya. Yalinikuta hayohayo na grupu letu la taarab.

Cha kwanza angalia bando. Waulize watu wako wananunua bando gani, maana wengi wetu tulikuwa na lile la WhatsApp peke yake, link wanaiona ila Telegram haifunguki, sisi tukadhani wametususa kumbe maskini wa watu hawana MB. Hao usiwalazimishe.

Pili, usihamishe watu kabla ya stori. Ingia chati ya WhatsApp, gusa kuhamisha chati (Export chat), chagua Telegram, mazungumzo ya zamani yanaenda. Halafu kwenye mipangilio ya grupu jipya washa historia ionekane kwa wageni, mtu akiingia akute ubishi wa episodi unaendelea sio ukumbi mtupu. Kinadada waambie wafiche namba, kule inawezekana, kwetu hilo ndo liliwavuta wengi kuliko tangazo lolote.

Na tafadhali lile la zamani USILIFUTE. Kama una wanachama Kenya, Telegram ilibanwa huko Novemba 2023 na tena 2024 wakati wa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, watarudi wapi? Sisi letu la WhatsApp tuliliacha liwe la matangazo tu, admini ndo wanapost.

Discord, app nyingine ya magrupu, sijawahi kuendesha, anayeijua aongezee.