Cheti cha P1 kutoka chuo kilichogeuka chuo kikuu

SWALI: Nasomesha shule ya msingi hapa Malindi. P1, yaani cheti cha ualimu wa shule ya msingi, niliichukua Garissa, enzi zile pakiwa bado chuo cha ualimu. Sasa pale ni chuo kikuu. Nataka kuendelea na shahada. Je, cheti changu kitahesabiwa ni cha chuo kikuu? Na rekodi zangu nizifuate huko?

JIBU: La, Mwalimu. Kitoe kabatini ukiangalie juu: kimetolewa na Baraza la Mitihani la Kenya. Chuo kilikufundisha na kukusimamia kwenye mazoezi ya kufundisha, lakini mtihani na cheti ni vya Baraza. Kwa hivyo ukitaka matokeo yathibitishwe, liombe Baraza. Usijichoshe na basi la Garissa.

Chuo kinapogeuzwa, ardhi na majengo hubaki yale yale, ila kisheria huzaliwa taasisi nyingine. Kwanza hutoka tangazo la kisheria la kukifanya chuo kikuu kishiriki, chini ya chuo kikuu kingine kinachokuwa mlezi wake. Garissa ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2011, ikapata chata yake (hati ya kuwa chuo kikuu kamili) 2017. Katika kipindi hicho cha kati mitaala hupitishwa na seneti ya mlezi, na shahada hutoka kwa jina lake. Majirani zako wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi (wao asili yao ni chuo cha kilimo) waliishi chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta toka 2007 hadi walipopewa chata Januari 2013. Ukiona mtu kasomea Kilifi na shahada yake imeandikwa Kenyatta, usidhani ni ya kughushi.

Kenyatta nayo ililelewa, tena kwa muda mrefu zaidi: kambi ya jeshi la Waingereza ikawa chuo mwaka 1965, ikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi 1970, ikasimama yenyewe 1985.

Mimi mabadiliko haya siyashangilii sana. Chuo kikuu hakirithi darasa la P1, na eneo lenye uhaba wa walimu wa msingi ndilo linaloumia.

Tukirudi kwako: kuingia shahada moja kwa moja kunataka C+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kama hukuifikia, pitia diploma. Kuhusu kusamehewa baadhi ya masomo, kila chuo kina kanuni zake, na kusoma Garissa hakukupi upendeleo Garissa. Omba kwa barua, ambatanisha matokeo yako, na usilipe karo mpaka ujibiwe kwa maandishi.