Askari wa wapanda farasi asiye na jalada

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani mweusi, kwao Kentucky. Nyumbani kwao kuna picha ya babu wa babu yake akiwa na sare ya askari wa farasi, na nyuma yake pameandikwa kwa mkono "10" na herufi inayofanana na J. Wazee wanasema aliingia jeshini mwaka 1867, akakaa miaka mitano. Binamu ya mume wangu alipata jalada nono la mzee mwingine wa ukoo aliyepigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865). Sisi tumepekua kumbukumbu hizo hizo na hatukuona hata jina. Tumeambiwa eti zote ziliungua. Je, mzee alidanganya? (Msomaji, Ohio)

JIBU: Dada, msimtilie shaka mzee bado. Mnabisha hodi nyumba siyo.

Nianze na huo moto, maana umewakatisha tamaa wengi bila sababu. Ni kweli jengo la kumbukumbu za jeshi liliungua huko St. Louis mwaka 1973. Lakini majalada ya jeshi la nchi kavu yaliyoteketea ni ya watu walioachishwa kuanzia 1912 hadi 1960. Aliyemaliza utumishi 1872 hayumo. Karatasi za watu wa zama zake ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington.

Kinachowakwamisha ni aina ya jeshi. Mzee wa binamu yenu alikuwa askari wa kujitolea, wa vikosi vilivyoundwa kwa ajili ya vita na kuvunjwa vilipokwisha. Miaka mingi baadaye makarani walipitia orodha za mahudhurio na za hospitali, wakanakili kila jina kwenye kadi, na kila askari akawekewa bahasha yake. Askari wa jeshi la kudumu hawakufanyiwa kazi hiyo. Na hiyo 10 ya kwenye picha, yaani Rejimenti ya 10 ya Wapanda Farasi, kikosi cha askari weusi, ilikuwa ya jeshi la kudumu tangu ilipozaliwa: Bunge lilipitisha sheria Julai 1866, rejimenti ikaundwa Fort Leavenworth, Kansas, chini ya Kanali Benjamin Grierson. Hao, pamoja na wenzao wa Rejimenti ya 9, ndio walioitwa Buffalo Soldiers. Mtu aliweza kukaa juu ya tandiko miaka mitano kwa dola 13 kwa mwezi, na leo asiwe na bahasha yoyote yenye jina lake.

Mtafuteni kwenye daftari la uandikishaji wa jeshi la kudumu, linaloanzia 1798 hadi 1914. Majina yamepangwa kwa miaka na herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Mtaona alikozaliwa, umri, kazi aliyoifanya kabla, urefu, rangi ya macho, rejimenti na kombania, kisha namna alivyoondoka jeshini. Angalizo moja: mstari wa mtu mmoja huvuka kurasa mbili zinazotazamana. Wengi hunakili ukurasa wa kushoto tu na kuacha wa kulia, ambao ndio unaosema kama aliachishwa kwa heshima, alitoroka au alifariki. Baba, mama na mke msiwatarajie humo.

Hiyo J isomeni upya. Rejimenti ya farasi ilikuwa na kombania 12, kutoka A hadi M, na J ilirukwa kwa sababu kwa mwandiko wa siku zile haikutofautiana na I. Kombania ya J haikuwapo. Mzee wenu, bila shaka, alikuwa wa kombania ya I, na sasa mna orodha za mahudhurio za kombania moja tu za kupitia badala ya 12.

Mkikosa jina la ukoo mnalolijua, jaribuni mengine. Waliotoka utumwani walibadili majina, na vijana walidanganya hata umri. George Washington Williams aliingia jeshi la Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe akiwa na miaka 14 kwa jina lisilo lake, kisha akahudumu katika Rejimenti hii hii ya 10 mpaka 1868. Wasomaji wetu wa Kisangani huenda wanamjua kwa jambo jingine: mwaka 1890, akiwa Stanley Falls, yaani hapo hapo kwao, alimwandikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji barua ya wazi kuhusu ukatili wa Kongo. Alikufa Blackpool, Uingereza, mwaka uliofuata.

Sasa familia. Kwa uzoefu wangu, askari mwenyewe huacha karatasi chache; anayeacha nyingi ni mjane wake. Ili alipwe pensheni ilimbidi athibitishe ndoa, na ndoa nyingi za utumwani hazikuwa na cheti. Basi waliitwa majirani, wakunga, wachungaji na askari wenzake, wakala kiapo na kueleza nani alizaliwa na nani, shamba la bwana gani, na mwaka gani. Hata hivyo msishangae mkikuta maombi yameanza kwa kuchelewa sana. Sheria ya pensheni ya 1890, iliyowafungulia mlango wengi, ilikuwa ya waliopigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Wa mapigano ya magharibi dhidi ya Wahindi Wekundu, kama hakuumia kazini, alisubiri mpaka sheria ya 1917, na hapo awe ametimiza miaka 62.

Kwa wazazi wake, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika walioachwa huru kwa majina. Zile za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Pia Benki ya Watu Huru, benki ya akiba ya walioachwa huru iliyofilisika 1874, ilikuwa na matawi Louisville na Lexington. Fomu zake ziliuliza rejimenti, wazazi, hata ndugu.

Anzeni na kadi za faharasa ya pensheni. Kadi huonyesha namba ya ombi la askari, na chini yake ya mjane kama aliomba. Mkikuta namba inayoanza na XC, jalada lilihamia idara ya maveterani na itawabidi muulize huko. Na mnapoagiza, agizeni jalada zima, si kurasa teule. Kurasa teule zitawapa tarehe. Majirani waliokula kiapo mara nyingi huachwa kwenye zile nyingine.