Maswali Yenu: Wavu, Jivu na Kutu

Swali: Habari za kazi, wahariri. Kila wikiendi tunachoma nyama kwenye jiko la nusu pipa. Wavu una ukoko mweusi, na siku hizi nyama inatoka na uchungu. Shemeji yangu amekataza kuusugua, anasema huo weusi ndio ladha yenyewe. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Dodoma*

Jibu: Shemeji ana haki nusu. Kwenye wavu kuna weusi wa aina mbili. Wa kwanza ni mwembamba, laini, umeshikana na chuma na hautoki hata ukipitisha ukucha. Hayo ni mafuta yaliyokaukia kwenye chuma kwa joto. Yanakinga kutu na kupunguza nyama kunata, kwa hiyo yaacheni. Wa pili ni ule mnene unaobanduka vipande vipande: mafuta ya wiki iliyopita, mabaki ya nyama na viungo vilivyoungua. Ukikaa siku kadhaa mafuta yake huchacha, mende na panya hufuata, na moto ukiwashwa tena hutoa moshi mzito unaoganda kwenye nyama. Uchungu mnaousikia unatoka humo. Ladha nzuri ya kuchoma inatokana na nyama yenyewe kubadilika rangi motoni, na moshi wa mafuta yanayodondoka wakati huohuo.

Kazi kubwa ifanyike wavu ukiwa wa moto. Mkaa ukishashika vizuri na kuvaa jivu jeupe juu, wekeni wavu mtupu kwa dakika 10 hadi 15. Ukoko hukauka na kuwa mwepesi kuvunjika. Kwangueni kwa kikwangulio cha chuma, mkifuata urefu wa kila chuma, siyo kukatisha. Halafu chomeni nusu ya kitunguu maji kwenye uma mrefu, mpitishe upande uliokatwa juu ya wavu. Unyevu wake unalainisha mabaki na nyama ya kitunguu inayabeba. Ukanda wa pwani wanaweza kutumia kumbi la nazi lililoloweshwa kidogo. Nyuzi zake ni ngumu kiasi cha kutosha.

Brashi ya waya tunaiogopa, na tunasema hivi kwa uzito wote. Sindano zake hukatika zikabaki kwenye wavu, zikaingia kwenye nyama, na kuna watu wamefanyiwa upasuaji kuziondoa kooni au tumboni. Kama ndiyo pekee mliyo nayo, futeni wavu kwa kitambaa kibichi mkikishika kwa koleo, kisha muukague mbele ya mwanga kabla ya kuweka chakula. Ikianza kumwaga nyuzi, itupeni.

Mwisho, kunjeni kitambaa cha pamba, kilowekeni kwa kijiko kimoja cha mafuta ya kula, kishikeni kwa koleo na mpake wavu. Msizidishe: mafuta mengi hudondoka na kulipusha moto, na yanayobaki huganda kama gundi. Mkimaliza kuchoma, kusanyeni makaa chini ya wavu kwa dakika tano, mkwangue na kupaka tena. Mkizoea hivyo, wavu hauhitaji sabuni kila mara.

Kwa huo ukoko wa sasa, ambao bila shaka ni wa miezi, yeyusheni vijiko vinne vya chakula vya magadi katika lita nne za maji ya moto, loweka wavu saa mbili, kisha usugueni na kuusuuza. Vaeni glavu, maana magadi huunguza ngozi. Vyombo vya alumini visiingie humo. Vitaliwa na kuwa vyeusi. Magadi yataondoa pia ule weusi mzuri, hivyo wavu ukikauka upakeni mafuta na kuupasha nusu saa kabla ya kuurudisha kazini.

Swali: Kuna watu wanamwaga siki au ndimu juu ya magadi, linatoka povu jingi. Ndiyo inasafisha zaidi?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Hapana. Povu ni hewa tu. Magadi hung'oa mafuta kwa kuyageuza aina ya sabuni, na siki inaua nguvu hiyo, mnabaki na maji ya chumvi. Tumieni magadi kwa mafuta. Siki au ndimu iwekeni kwa doa la kutu, peke yake, kisha suuzeni na kukausha papo hapo.

Swali: Asalaam aleikum. Pipa langu limetoboka chini kabla hata halijamaliza mwaka. Fundi anasema bati lilikuwa jembamba. Huwa nalifunika kwa turubai kila nikimaliza.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Waaleikum salaam. Bati jembamba linachangia, lakini tunashuku zaidi jivu. Jivu la mkaa lina chumvichumvi zinazovuta unyevu hewani, na hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi ya bahari. Likiachwa chini ya pipa, chuma kinakaa kwenye tope kali mchana na usiku. Turubai lililobanwa nalo linazuia unyevu usitoke.

Toa jivu kila baada ya kuchoma, ila siyo usiku uleule. Kaa lililofunikwa na jivu linaweza kuwa hai mpaka kesho yake na zaidi. Funga kifuniko na matundu ya hewa moto ufe wenyewe. Usimwagie maji, kwani mvuke utakuunguza na bati litapinda. Kesho yake kusanya jivu kwenye debe la bati lenye kifuniko, uliweke nje juu ya udongo, mbali na makuti na mbao. Ndoo ya plastiki au kiroba ni kutafuta moto.

Kwa pipa jipya, mwambie fundi aweke kichanja cha nondo sentimita 8 hadi 10 juu ya sakafu ya pipa, mkaa ukae hapo na hewa ipite chini. Atoboe pia tundu moja la milimita 10 sehemu ya chini kabisa, maji ya mvua yapate njia. Likipoa na kusafishwa, paka ndani mafuta ya kula kidogo, kisha lifunike kwa bati lililoinuliwa kidogo pembeni. Rangi ipakwe nje tu. Na uulize pipa lilibeba nini: lililokuwa na dawa, kemikali au rangi lisipikiwe chakula hata likichomwa moto vipi.

Swali: Wavu wangu mpya ulikuwa unang'aa kama fedha, sasa una unga mweupe.
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Uondoe. Huo ni waya uliopakwa zinki, wa kutengenezea uzio na vibanda. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na makaa yaliyokolea yanapita hapo. Moshi wake ukiwa mwingi huleta homa na kichefuchefu, na ndimu ya kulainishia nyama huiyeyusha zinki hiyo ikaingia kwenye chakula. Spoki za baiskeli zinazofanywa vyuma vya mishikaki nazo mara nyingi huwa zimepakwa. Nunua nondo tupu zisizopakwa kitu, au chuma kisichoshika kutu.

Swali: Jiko letu la gesi la nje lilikaa miezi bila kutumika. Sasa linatoa mwali wa njano na masizi kwenye nyama.
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Mwali wa njano maana yake gesi haipati hewa ya kutosha. Mara nyingi ni buibui: hupenda kujenga ndani ya mirija inayopeleka gesi kwenye vichomeo. Fungeni mtungi, jiko lipoe, toeni vichomeo, pitisheni brashi nyembamba inayopinda ndani ya mirija. Matundu zibueni kwa waya mwembamba. Njiti ya meno hukatikia humo. Mkirudisha, hakikisheni mdomo wa mrija umevaa ncha ya vali. Kisha, vichomeo vikiwa vimezimwa na mtungi umefunguliwa, pakeni maji ya sabuni kwenye maungio: viputo vikitokea, fungeni mtungi na mbadilishe mpira. Mwageni pia mafuta kwenye trei ya chini kila mnapotumia mara mbili au tatu. Yakiwaka, zimeni gesi kama vali inafikika na mfunike jiko; maji yasikaribie.