Trela la kwanza la familia: fungua kwanza mlango wa gari lako

Jamani huku Marekani joto likianza tu naulizwa swali lile lile, watu wana watoto wadogo wanataka trela la kulala, lile la kuvuta nyuma ya gari, wanataka niwaambie lipi zuri. Mi nauliza kwanza utalivuta na gari gani, maana hapo ndo wengi wanapopigwa.

Muuzaji atakwambia gari lako linavuta paundi 7,500 na hili trela ni 5,400 tu, mambo safi. Wapi! Hiyo 5,400 ni trela tupu lilivyotoka kiwandani, hakuna maji, hakuna sufuria, hakuna mablanketi wala baiskeli za watoto. Tanki la galoni 40 likijaa maji peke yake ni kama paundi 330. Sasa we fungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna stika imeandikwa uzito wa watu na mizigo ambao haitakiwi kuzidi, hiyo namba ndo ya kuangalia. Tuseme imeandikwa 1,400. Trela likishapakiwa likafika 6,500, sehemu ya mbele inayokaa kwenye hichi (hitch, kile chuma cha kuungia trela nyuma ya gari) inatakiwa ilalie gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, chukua 12 tu, tayari 780. Hichi yenyewe ile ya kusawazisha uzito weka 80. Baba, mama, watoto watatu na viti vyao weka 480. Umebakiwa na paundi 60 na kigari cha mtoto bado kiko nje! Na usije ukasema basi nitarundika mizigo nyuma ya trela ili mbele pawe pepesi, trela la hivyo likipitwa na lori kwenye hawei linaanza kuyumba mkia, na gari lenye wanao ndani linayumbishwa nalo.

Ukishapakia kila kitu nenda kapime. Mizani za CAT Scale zipo kwenye stesheni nyingi za malori, unalipa dola chache unapewa karatasi. Wabongo na Wakenya wanaoendesha malori huku wapo kibao, muulize yeyote atakuelekeza jinsi ya kupanda pale.

Kingine ni maji kuvuja, hasa kama unanunua la mkononi. Kuna moja tulienda kuliona, nje linang'aa, ndani limepuliziwa pafyumu mpaka watoto wanapiga chafya. Mama watoto akafungua droo chini ya kitanda cha mbele, akapitisha mkono mpaka kwenye kona akabonyeza ukuta, vidole vikazama kama kwenye andazi. Akamulika na simu, skrubu zote zina kutu na mbao imekuwa nyeusi. Muuzaji eti ni unyevu wa kawaida, tukamshukuru tukaondoka zetu. Kwa hiyo bonyeza kona zote, chini ya madirisha, kuzunguka matundu ya hewa ya darini, af nje simama pembeni uangalie ukuta kwa mshazari kama umevimba mahali. Panda na ngazi uone ile gundi ya kuziba juu ya paa, ikiwa imepasuka maji yanaingia miaka na miaka mwenyewe hajui.

Tairi zisikudanganye kwa meno, trela linakaa sana bila kutembea so tairi inazeeka ikiwa bado nzuri machoni. Tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, namba nne za mwisho za mstari huo ni wiki na mwaka ilipotengenezwa, 2318 maana yake wiki ya 23 ya 2018. Tairi za umri huo jua utazibadilisha.

Kuhusu ramani ya ndani, dabodeka za watoto ni lazima kwa maoni yangu. Ukikubali lile la meza kugeuzwa kitanda, watoto wakilala saa mbili usiku na nyie ndo mmeshafungiwa mkahawa, hamna pa kukaa, na kila asubuhi unakunja godoro kabla ya kupika uji. Mkienda kuangalia nendeni wote, kila mtu apande kitandani kwake. Kama lina ule upande unaosukumwa nje kuongeza nafasi, mwambie muuzaji aurudishe ndani af ujaribu kufika chooni, maana njiani mtoto akibanwa hutaanza kufungua nyumba nzima pembeni ya barabara.

Pa kulipaki uliza mapema, mitaa mingine hairuhusu trela likae mbele ya nyumba.

Na kwa wa Minnesota na kwingine kwenye baridi kali, uliza nani alitoa maji kwenye mabomba kabla ya barafu na kama aliweka ile dawa ya pinki ya kuzuia mabomba yasigande. Akisema hawezi kukufungulia maji ujaribu kwa sababu ni winta, usiache hata senti ya advansi, rudi theluji ikiyeyuka ufungue bomba moja moja.