Picha zikae na barua, au zitenganishwe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea utunzaji wa nyaraka, na nimepewa kazi ya kuandika kuhusu mkusanyo wa familia ya mwanadiplomasia wa Prussia (dola ya kifalme ya Wajerumani wa zamani), Varnhagen von Ense: barua, maandishi ya mkono ya watu mashuhuri na picha zao. Nimekwama hapa: kitaalamu, picha zitolewe zihifadhiwe peke yake, au zibaki na barua? Nauliza pia kwa sababu nyumbani tuna boksi la marehemu babu, barua na picha zimechanganyika, na kaka yangu anataka tuzitie laminesheni zote.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka yako maana ndiye mwenye haraka: mwambie asubiri. Ile plastiki huyeyushwa kwa joto ikagandamana na karatasi, na picha ya zamani inaweza kuharibika palepale mashineni. Ukishaitia, hakuna namna ya kuitoa salama.

Sasa twende Berlin. Karl August Varnhagen alizaliwa Düsseldorf mwaka 1785. Alikuwepo Vienna kwenye mkutano wa 1814 na 1815 uliopanga upya mipaka ya Ulaya baada ya vita vya Napoleon, kisha akaiwakilisha Prussia huko Karlsruhe, mji mkuu wa dola jirani ya Baden, mpaka alipoitwa nyumbani mwaka 1819 kwa kushukiwa kuegemea wapenda mageuzi. Mkewe Rahel alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka, na sebule yake ilijaa washairi, maofisa wa jeshi, waigizaji na wanafalsafa. Alipofariki mwaka 1833, mumewe aliendelea kuzifuatilia barua zake kwa marafiki waliozipokea, akazinakili na kuzichapisha. Naye alipofariki mwaka 1858, kila kitu kilibaki mikononi mwa mpwa wake, Ludmilla Assing.

Huyu Ludmilla namheshimu sana. Mwaka 1860 alichapisha barua ambazo mwanasayansi na msafiri Alexander von Humboldt alimwandikia mjomba wake, zikiwa na maneno makali kuhusu wakubwa wa ikulu. Akafuatisha shajara za mjomba. Mahakama za Prussia zikamhukumu kifungo, na yeye akahamia Florence. Alifariki huko mwaka 1880, na mkusanyo ukaenda Maktaba ya Kifalme ya Berlin kama alivyousia.

Hapo ndipo jibu la swali lako linapoanzia. Ndani ya mkusanyo ule zimo barua ambazo Metternich, waziri wa Austria, alimwandikia Humboldt. Barua ya Metternich kwa Humboldt inatafuta nini kwenye makaratasi ya Varnhagen? Ni kwamba Humboldt, akijua rafiki yake anakusanya maandishi ya mkono, alikuwa akimpa barua alizopokea mwenyewe kutoka kwa wakubwa. Barua ilisafiri mara mbili. Ukiitoa pale ukaiweka kwenye jalada la "Metternich" bila kuandika ilikotoka, saini itabaki, lakini ile safari ya pili imefutika, na urafiki wa wazee wale wawili umefutika nayo.

Picha nazo ni hivyo hivyo. Varnhagen alikuwa fundi wa kukata vivuli vya watu kwa mkasi kwenye karatasi, na Ludmilla alichora sura za watu kwa pasteli, yaani chaki laini za rangi. Mwaka 1854 alimchora mwandishi wa Uswisi, Gottfried Keller. Picha ya namna hiyo ni ushahidi kwamba mtu fulani alikaa mbele ya mwenye nyumba kwa muda fulani, na barua iliyo karibu nayo mara nyingi ndiyo inayoeleza kwa nini.

Lakini kemia haijali urafiki. Barua nyingi za wakati ule ziliandikwa kwa wino wa chuma, uliotengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mti. Wino huo una tindikali. Huanza mweusi, ukageuka kahawia, na palipo na unyevu hula karatasi mpaka herufi zinadondoka zikiacha matundu. Picha iliyolala juu yake miaka mingi huchafuka. Pasteli ni unga mtupu ulioshikilia karatasi kidogo sana: ukiiweka kwenye mfuko wa plastiki, umeme tuli wa plastiki unaunyonya ule unga. Picha za karne ya 19 zilizochapwa kwa ute wa yai ni karatasi nyembamba iliyobandikwa kwenye kadi, na zikiachwa peke yake hujikunja.

Kwa hiyo tenganisha, ila acha alama. Picha iingie kwenye bahasha yake ya karatasi isiyo na tindikali. Pale ilipokuwa, weka kipande cha karatasi safi kilichoandikwa: hapa palikuwa na picha fulani, sasa ipo boksi namba fulani. Kwenye bahasha ya picha andika kinyume chake. Ni kazi ya dakika mbili kwa kila picha, na usiiruke hata ukichoka.

Niliwahi kupokea boksi ambalo mtu mwenye nia njema alitoa picha zote akazibandika kwenye albamu. Barua moja ilisema "nakutumia picha yangu, usicheke", na picha zilikuwa arobaini na kitu. Kilichotuokoa ni kutu. Pembeni mwa barua palikuwa na alama ya pini, vitone viwili vya kahawia, na baada ya siku nzima tukapata picha yenye vitone viwili kama hivyo, umbali uleule. Nilifurahi kama niliyempata ndugu aliyepotea.

Katika kazi yako usisahau orodha. Ludwig Stern aliupanga mkusanyo ule na kuchapisha orodha yake mwaka 1911, majina kwa alfabeti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulihamishwa kutoka Berlin kwenda Silesia, jimbo la mashariki mwa Ujerumani ya wakati ule, ili kuukwepesha mabomu. Baada ya vita ukajikuta upande wa Poland, ukapelekwa Maktaba ya Jagiellonia mjini Kraków, na kwa miaka mingi watafiti wakaamini umepotea. Ulipojulikana ulipo, orodha ya Stern ilikuwa bado inafaa, na hadi leo mtafiti anataja namba ya boksi anaponukuu barua ya Rahel.

Boksi la babu sasa. Kabla hujagusa kitu, lipige picha kwa simu, tabaka kwa tabaka. Kisha toa pini na stepla taratibu. Selotepu iliyoganda iache ilivyo. Liweke mbali na dari na ukuta wa nje, lisikae sakafuni. Bibi kama yupo, mketishe karibu akutajie majina. Jina liandike nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya karatasi safi kwenye meza ngumu.