Hilux imeinuliwa, sasa sakafu inatetemeka

Swali: Habari fundi. Nina Hilux LN106 ya 1994, injini 3L. Nimefunga springi mpya zilizoinua gari milimita 50, halafu nikaongeza shekeli ndefu, zinazozidi za kiwandani kwa milimita 80, mbele na nyuma. Sasa nikifika kilomita 70 kwa saa sakafu inatetemeka, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na nikitia 4x4 mbele panagonga. Matairi nimebalansi mara mbili, alaimenti nimefanya, krosi za nyuma nimebadili. Tatizo liko wapi?

Jibu: Ndugu, lipo kwenye hizo shekeli. Springi umezifunga sawa.

Shekeli, kile chuma kinachoning'iniza springi kwenye chasisi, inashika jicho moja tu la springi (tundu la ncha yake), kwa hiyo milimita 80 ulizoongeza zimeinua gari kama 40 tu. Zilizobaki zimeinamisha springi. Springi yenye mita 1.1 toka jicho hadi jicho, ukishusha jicho moja kwa milimita 80, inalala kwa digrii 4 hivi, na ekseli iliyofungwa juu yake inazunguka kwa kiasi hichohicho.

Nyuma, shekeli iko upande wa bampa, kwa hiyo pua ya difu (ncha ya gia ya ekseli inapofungwa propela) imetazama juu. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu toka transfa (sanduku la gia za 4x4) hadi difu, ikiwa na krosi moja (kiungo cha msalaba kinachoiruhusu kupinda) kila ncha, huzunguka kwa utulivu pale tu flanji ya transfa na flanji ya difu, yaani visahani inapofungwa, zinapokuwa sambamba. Kila krosi iliyopinda huifanya shafti iende kasi na kupungua mara mbili kwa kila mzunguko, na krosi ya pili kazi yake ni kufuta kosa la ya kwanza. Pembe zikitofautiana, kosa halifutiki. Tuseme transfa inainamia nyuma digrii 3 na propela digrii 10: krosi ya mbele inafanya kazi kwa digrii 7. Difu ikiwa nayo kwenye 3, krosi ya nyuma ni 7, safi. Ikipanda hadi 7, krosi ya nyuma inabaki na digrii 3, na hapo ndipo sakafu inapoanza kulia. Krosi mpya haitibu hilo. Itakufa kama ile ya zamani.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha. Weka friwili za mbele (vifungio vya katikati ya magurudumu) kwenye FREE na gia ya transfa kwenye 2H (nguvu kwa magurudumu ya nyuma tu), uendeshe. Propela ya mbele haizunguki hapo, hivyo mtetemo ukibaki ni wa nyuma. Sikiliza pia kasi yake. Tairi la 235/75R15 lina mzingo wa mita 2.3, kwa kilomita 70 kwa saa linazunguka mara 8 kwa sekunde. Kwa difu yenye uwiano wa 4.1, propela inazunguka karibu mara 35, na kosa la krosi linagonga mara 70. Tairi bovu hutikisa usukani polepole, krosi huvuma kwenye kiti.

Kisha pima. Gari lisimame kwa matairi yake kwenye sakafu tambarare, na mzigo unaobeba siku zote. Ukiliweka kwenye jeki kwa chasisi, vipimo vyote ni vya uongo. Bandika kipimo cha digrii chenye sumaku kwenye uso wa flanji ya transfa, bomba la propela, na flanji ya difu. Tofauti ya pembe za krosi mbili isizidi digrii 1. Ila difu ikiwa chini kwa digrii 1 au 2 si kosa, maana ukikanyaga mafuta springi hujikunja na kuinua pua yake. Angalia pia yoki (uma zinazoshika krosi) za ncha mbili za propela zikae kwenye mstari mmoja. Aliyebadili krosi akiivua slaidi (sehemu ya propela yenye meno, inayorefuka na kufupika) bila kuweka alama, anaweza kuirudisha ikiwa imeruka meno.

Mbele shida ni ileile, ila inauma kwingine. Shekeli iko upande wa bampa ya mbele, ekseli imelala kifudifudi, kasta imepotea. Kasta, yaani mlalo wa kurudi nyuma wa mhimili ambao gurudumu hukatia kona, ndiyo inayorudisha usukani katikati. Mashine ya alaimenti haikukusaidia kwa sababu ekseli ya kipande kimoja haina bolti ya kurekebisha kasta. Inagusa tou tu, yaani matairi kutazama ndani au nje.

Ushauri wangu: rudisha shekeli za kiwandani pande zote na ubaki na milimita 50. Ukipima tena na bado kuna kosa, tumia kabari za chuma za digrii 2 au 4 kati ya springi na ekseli, si za alumini, hupasuka. Hilux hii springi zake hukaa juu ya ekseli, kwa hiyo kabari ya nyuma sehemu nene itazame mbele ya gari, ili pua ya difu ishuke. Ya mbele, sehemu nene itazame nyuma, ili kasta iongezeke. Ukigeuza, kosa linakuwa maradufu. Kabari ya mbele itashusha pua ya difu ya mbele na kuzidisha pembe za propela yake. Hapo chagua kasta, kwa kuwa propela hiyo hufanya kazi kwa mwendo mdogo.

Kuhusu kugonga: inua chasisi hadi magurudumu yaning'inie, zungusha propela ya mbele kwa mkono. Yoki ikigusana na yoki, au slaidi ikiwa imechomoka hadi meno yaliyoshikana ni machache, umepata mgonjwa.

Kabari inahitaji senta bolti (ile inayoshika majani ya springi pamoja) ndefu zaidi, na kichwa chake kiingie kwenye tundu la kikalio cha springi kwenye ekseli. Yu-bolti, zile zinazobana springi kwenye ekseli, ziwe mpya. Zilizokwisha kuvutika hazishiki tena. Kaza kwa kupishana, rudia baada ya kilomita 100, kisha 500.

Na fuatilia ile rodi inayotoka ekseli ya nyuma kwenda vali ya breki. Gari likiinuka, vali inadhani huna mzigo na kupunguza breki za nyuma. Inua kikalio cha rodi hiyo kwa milimita zilezile ulizoinua gari.